Chakula Kilichotunzwa kama Bolti

Mshauri mpendwa, nimeshika kalamu kuomba msaada wako nikiwa peke yangu katika nyumba yenye vyumba vitatu na stoo moja, na nakusihi unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu wote wanaonifahamu wamekwisha kunihukumu, kuanzia mke wangu hadi mama mkwe, na sijaona hata mmoja aliyeniuliza nilikuwa na nia gani.

Mimi ni mtunza stoo ya vipuri katika karakana ya mabasi, kazi niliyoifanya kwa miaka kumi na tisa bila kupoteza hata nati moja, na mabosi watatu wameondoka wakinisifu. Miaka miwili iliyopita madereva wa malori waligoma, maduka ya mtaani kwetu yakakauka kwa siku nne, watoto wangu watatu wakala viazi vya kuchemsha asubuhi, mchana na jioni, na mimi nikaapa kwamba jambo hilo halitatokea tena chini ya paa langu. Nikaanza na pipa moja la mchele, nikaongeza la maharage, nikaongeza la unga, kisha madumu manne ya mafuta ya kupikia, na mke wangu mwanzoni alinisifu mbele ya dada yake, akasema, “Mume wangu anaona mbali.” Mapipa niliyapata karakana, yalikuwa ya sabuni ya maji ya kuoshea mabasi, nikayasuuza mara mbili, nikayajaza, nikayafunika, nikayazungushia utepe wa gundi na kutia sahihi yangu na tarehe, nusu ya sahihi kwenye utepe na nusu kwenye pipa, kama tunavyofanya kazini ili mtu akifungua ajulikane. Kisha nikatia kufuli mlangoni na kuweka utaratibu kama wa kazini: hakitoki kitu bila fomu, fomu haipiti bila dharura, na dharura natangaza mimi. Kila mwisho wa mwezi niliingia na tochi, nikazikagua sahihi zangu moja baada ya nyingine, zote nzima, nikatoka nimeridhika.

Mwaka jana mama mkwe alikuja bila taarifa, jioni, mvua ikinyesha, duka la jirani limefungwa, na mke wangu akaniomba vikombe viwili tu vya mchele. Nikamwuliza, “Kwani mgeni ni dharura?” Akanijibu, “Mama yangu amekaa sebuleni na njaa, wewe unataka dharura gani, mpaka paa lituangukie?” Nikamweleza kwamba tukifungua leo kwa mama, kesho tutafungua kwa shangazi, lakini kwa kuwa sikutaka ugomvi mbele ya mgeni nikampa fomu aijaze ili niifikirie. Mama mkwe akavaa miwani, akaichukua ile fomu mkononi mwa binti yake, akaisoma yote kimya, kisha akaniambia kwa upole, “Mkwe wangu, mimi nisaini wapi?” Nilidhani ananitania. Alilala na chai kavu na kipande cha mkate, akaondoka alfajiri, na hajakanyaga kwangu tena.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Mwezi uliopita mafuriko yalichukua daraja, malori hayakupita kwa siku tisa, na siku ya tatu maduka yote yalibaki rafu tupu. Sikufichi, mshauri, nilifurahi. Niliwaita mke na watoto, nikawapanga mstari mbele ya mlango wa stoo, nikatangaza kwamba dharura imefika, nikakata utepe kwa wembe. Pipa la maharage lilitoa vumbi, na ndani ya vumbi fukusi walikuwa wengi kuliko maharage. Unga ulikuwa mabonge yenye ukungu wa kijani. Mafuta yalinuka kama rangi ya mlango. Mchele peke yake ulikuwa mweupe na mzima, nikamshukuru Mungu, nikaamuru upikwe, na mke wangu akauosha, akauinjika, na ulipochemka sufuria ikatoa povu mpaka likamwagika jikoni, chumba kizima kikanukia kama basi lililotoka kuoshwa. Binti yangu wa miaka saba akaitazama sahani yake, akaniuliza, “Baba, tule au tuoge?”

Jirani yetu ni mshonaji, mjane anayelea wanawe watatu, na kwa muda mrefu nilikuwa namcheka kwa sababu kila akitoka dukani anabeba vipakiti viwili viwili kama mtoto anayecheza duka. Siku hiyo alisikia watoto wanalia, akaja mlangoni, akauliza, “Shemeji, mna chakula humo ndani?” Nikamjibu, “Sisi tuko vizuri, dada, stoo imejaa.” Ningesema nini, mshauri, mimi niliyemcheka? Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Alinipita kama mtu anavyokipita kiti, akachukua sahani nne, akawaongoza watoto mpaka kwa mshonaji, wakala huko siku zote zilizobaki, na mimi nikabaki nyumbani nikila biskuti. Lilipowekwa daraja la muda alifunga mizigo akaenda kwa dada yake, mji wa jirani, akaniachia maneno haya: “Nitarudi ufunguo wa stoo ukiwa mikononi mwangu na mama yangu akiwa ameombwa radhi. La sivyo, Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao nawaandikisha watoto shule ya huku.”

Mimi sikukaa bure. Nimekwisha kununua mapipa mapya ambayo hayajawahi kutiwa sabuni, nimeyajaza, nimepata utepe mnene zaidi, na nimetia sahihi. Kwa hiyo naona tatizo limekwisha, maana kosa lilikuwa la mapipa. Linalonisumbua ni hili: je, ni sawa nimkabidhi mke wangu ufunguo wakati mimi ndiye mwenye ujuzi wa kutunza stoo? Au unifundishe maneno ya kumwandikia ili arudi kwanza, habari ya ufunguo tuizungumze baadaye? Naogopa, mshauri. Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia jokofu likiwaka na kuzima.

Mlinzi wa Familia


MSHAURI ANAJIBU

Mlinzi wa Familia? Familia ipi? Iliyopo nyumbani kwako sasa ni mapipa, na hayo kweli unayalinda.

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, tena mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliona haya kwa niaba yako, kwa kuwa wewe mwenyewe umeshindwa kuyaona.

Nianze na lililo jema, maana halitachukua muda. Wazo la kuweka akiba ya chakula lilikuwa wazo la baba mwenye akili. Nyumba yenye watoto watatu haipaswi kuishi kwa kutegemea lori la kesho. Mkeo alikusifu, na alistahili kukusifu. Ungeishia hapo, leo usingeniandikia.

Lakini umetunza bolti kwa miaka kumi na tisa, na bolti imekuharibu. Bolti hupakwa grisi, huwekwa kwenye rafu, na mjukuu wako akija ataikuta kama ulivyoiacha. Ukachukua akili hiyo hiyo ukaipeleka kwenye unga. Unga, bwana! Kitu ambacho hata kikitulia juu ya rafu safi hakimalizi miezi mingi bila kuharibika. Maharage ukayafungia bila kuyaanika, yakiwa na unyevu wake na mayai ya wadudu wake, kisha kila mwezi ukaingia na tochi kukagua sahihi yako. Fukusi hawasomi sahihi. Hukufungua pipa hata moja, hukunusa, hukuonja, hukutia mkono. Miezi ishirini na minne ulikuwa unakagua jina lako.

Na ulimfungia nani? Ulitia kufuli, utepe na fomu ili kumzuia nani? Wanaoingia katika nyumba hiyo ni mkeo na wanao. Hao ndio uliowawekea mtego ili “wajulikane”. Mwanamke aliyekuzalia watoto watatu umemjazisha fomu kwa vikombe viwili vya mchele, mama yake akiwa sebuleni ameloa mvua. Unasema ulidhani mama mkwe anakutania. Yule mama alikuwa anakupa nafasi ya mwisho ya kuichana ile karatasi na kucheka pamoja naye. Wewe ukamwachia chai kavu.

Umeandika pia kwamba daraja lilipochukuliwa na maji ulifurahi. Kasimame mbele ya kioo ulirudie neno hilo, uone kama utamaliza. Mtu timamu huweka akiba huku akiomba isihitajike. Wewe ulikuwa unasubiri watu wapate shida ili wapange mstari mbele ya mlango wako.

Sasa huyo mshonaji unayemcheka. Umewahi kujiuliza kwa nini vipakiti viwili? Mimi sijamwona, lakini nitakueleza. Kimoja alikuwa anakipika na cha pili anakiweka rafuni. Wiki inayofuata anapika kile cha rafuni, na kipya kinakaa mahali pake. Hiyo ndiyo akiba ya nyumbani, yote, wala haina siri nyingine. Kwa njia hiyo mjane mwenye watoto watatu aliwalisha wake na wako siku sita, bila fomu. Nawe, katika barua ndefu namna hii, hukumwandikia hata neno moja la asante.

Nisikilize, maana siku zako zinakwisha.

Leo hii yafungue hayo mapipa mapya. Usiniulize kuhusu utepe, uchane. Maharage yaanike juani mpaka yakauke yagongane kama mawe, ndipo uyarudishe katika vyombo vya chakula vyenye vifuniko vya kukaza, vyombo vidogo, ili kimoja kikiingia wadudu kisiviharibu vingine. Unga usizidi wa mwezi au miwili, na uwe ule mnaoula kila siku. Mafuta yakae mahali penye ubaridi na giza, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Andika tarehe, hilo unaliweza, lakini iandike ili ujue kipi kiliwe kwanza. Cha zamani mbele, kipya nyuma, na kila wiki kitoke kitu kiende jikoni. Weka maji safi ya kunywa, ambayo katika mipango yako yote hukuyataja hata kidogo, na weka mkaa au gesi ya akiba, chumvi na viberiti. Ulitaka kuwapikia maharage makavu kwa moto upi, malori yakiwa hayapiti?

Sehemu ya mchele na maharage hayo mpelekee mshonaji. Mwambie, “Dada, nilikudanganya mlangoni kwa sababu niliona haya, na nilikucheka kwa sababu sikujua.” Ukishindwa kuyasema maneno hayo, usiondoke mlangoni kwake mpaka uyaweze.

Unauliza kama ni sawa kumpa mkeo ufunguo wakati wewe ndiye mwenye ujuzi. Ujuzi upi? Umeharibu kila ulichokitunza isipokuwa mchele, na mchele nao uliupaka sabuni. Yeye ndiye anayepika; yeye ndiye anayejua mtungi umebaki na nini na mtoto gani hali nini. Mpe ufunguo. Akiamua kufuli liondoke kabisa, shika bisibisi umsaidie. Kazi yako ibaki kubeba magunia na kuanika maharage, na uifanye vizuri kama unavyowafanyia mabosi wako.

Kuhusu maneno ya kumwandikia, sikufundishi. Umekwisha kuandika karatasi za kutosha katika ndoa hiyo. Ondoka Jumamosi asubuhi na uanzie kwa mama mkwe. Usimweleze nia yako ilikuwa nini, kwa sababu hatakuuliza na wala hana haja nayo. Mwambie, “Mama, ulikuja kwangu na njaa nikakunyima chakula nilichokuwa nacho. Nisamehe.” Akikaa kimya, nawe kaa kimya. Akikutuma maji ya kunywa, kamletee.

Kutoka hapo nenda kwa shemeji yako, dada wa mkeo. Atakufungulia mlango yeye, na atakusema mbele ya majirani. Msikilize mpaka achoke. Mkeo akitoka, mpe ufunguo mkononi, usiuweke mezani wala usimtumie mtoto. Usitaje Jumatatu. Usitaje shule. Usiseme umekuja kuwachukua, kwa sababu watu hawachukuliwi kama vipuri. Sema umekuja kumwomba arudi, kisha nyamaza usubiri jibu lake, na likiwa “hapana”, mshukuru dada yake kwa kuwalisha watoto wako, urudi nyumbani, na Jumamosi inayofuata uende tena.