Mzee Sixbert Alinipa Mgongo

Matogoro, Songea
Jumamosi

Mwanangu Anjelika,

Huyo Sharifa usimwachishe kazi kwanza. Nimemwambia jirani yangu Severina, ndiye ananiandikia, aanze na hilo. Akanitazama, eti barua haianzi hivyo, mama. Nikamwambia andika. Haya, salamu hizi hapa: hujambo wewe, wajukuu zangu hawajambo, mume wako kile kifua kimepoa? Sisi wazima. Goti langu ni lile lile, baridi ya huku inaingia humo kama imepangishiwa chumba. Kaka yako Longino amevuna, mahindi yamejaa uani mpaka kuku hawana pa kukanyaga.

Naandikisha barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Juzi ulisema huyo binti Sharifa unayemsimamia huko Tunduru kwenye kubangua korosho ana mkono mzuri kuliko wote, lakini kila punje anakuja kukuuliza, mama hii daraja gani, mama hii niweke wapi. Ukasema umechoka, mwisho wa mwezi arudi kwao. Nikataka kusema neno, ukasema mama nina kazi. Sawa. Barua haikatizwi.

Ghala la tumbaku unalikumbuka? Nilianza pale wewe ukiwa mgongoni. Malori yanashuka kutoka Namtumbo, harufu unaisikia mpaka sokoni. Siku hizi nikipita pale napunguza mwendo. Sinusi kitu, napunguza tu. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, tunapanga majani huku tunaimba. Walburga ndiye anaanzisha, sauti kama tarumbeta, akikosea maneno anasema kwao Maposeni ndivyo wanavyoimba! Sijui kama bado yu hai, Walburga. Alikuwa na kanga moja ya njano, hiyo hiyo kila sikukuu.

Nilikuwa nasema nini? Ee, mkono. Mimi shule sikukanyaga, lakini jani nikilikunja najua. Likivunjika limekauka mno, likinata lina maji. Mkono ulijua, mdomo ndio haukujua. Siku moja nikashika robota, mzigo wa majani uliokwisha fungwa, nikasikia ndani lina maji, na karani ameshaandika limekauka. Nikasema moyoni, karani amesoma, mimi nani? Nikanyamaza. Wiki ya pili likafunguliwa, moto ndani kama tumbo la mgonjwa, ukungu mtupu, na marobota ya jirani nayo yameoza. Msimamizi wetu Mzee Sixbert akauliza nani alilishika. Nikasema mimi. Akauliza nilisikia nini. Nikasema nilisikia maji. Akaondoka. Mimi nikajua kesho narudi shambani.

Hakunifukuza. Asubuhi akaniita mbele ya wote, akaweka robota, akasema leo Mama Anjelika ndiye atasema. Mimi badala ya kushika jani nikamtazama yeye usoni, nione nyusi zinasemaje. Si ndivyo tulivyozoea? Mkubwa akikunja uso, na wewe unakunja maneno. Akaniona. Akageuka, akanipa mgongo, mikono nyuma, akawa anatazama mlima Matogoro. Aibu iliyonishika! Nikaona amenidharau mbele za watu. Walburga akapiga kelele kwamba jani haliumi, lishike wewe! Wakacheka. Nikashika. Nikasema lina maji, sauti kama ya panya. Mzee bila kugeuka akasema hajasikia. Nikasema tena, mpaka mlinzi wa getini akageuka. Ndipo akamwambia karani aandike kama alivyosema mama.

Ikawa kila asubuhi. Siku nyingine nilikosea. Hakunigombeza. Aliniambia nieleze mkono ulisikia nini, halafu tunalifungua wote tunaangalia. Mpaka ikafika karani mwenyewe ananiita, Mama Anjelika njoo, na hili unasemaje? Heh! Nilikuwa natembea pale kama mwenye viatu vipya, na viatu sina.

Kabla hajastaafu nilimuuliza kwa nini alikuwa ananigeuzia mgongo. Akasema angenitazama ningesoma uso wake, na uso wake haujui tumbaku kama mkono wangu.

Sasa nisikilize, maana hili sijawahi kukuambia. Mwaka ule wa robota ulikuwa na miaka tisa. Siku ile ile karani alipoandika neno langu nilirudi nyumbani nikakukuta umesonga ugali, wa kwanza wako, umenisubiri unatabasamu. Ulikuwa na madonge. Nikakunyang'anya mwiko, nikasema toka hapo, utatulisha mawe. Na haikuwa siku moja. Ufagio nilikunyang'anya, jembe nilikunyang'anya, naona unachelewa. Ukaanza kuniuliza kila kitu, mama maji yanatosha? mama chumvi? Mimi nakujibu, najiona mama bora. Mpaka leo ukija hapa husongi ugali mbele yangu, unasema mkono unauma. Mwanangu, najua hauumi.

Kwa hiyo uliponiambia kuhusu Sharifa nilijiona mimi mwenyewe. Kunyang'anya umejifunza kwangu. Mzee Sixbert alinipa kitu, mimi nikakiacha ghalani, sikukifikisha nyumbani. Nisamehe, mama yangu.

Jumatatu mpe huyo binti bakuli lake la korosho apange mwenyewe. Akikuuliza, mwulize yeye anaonaje, kisha mgeuzie mgongo. Huko hakuna Matogoro, tazama hata mikorosho. Akikosea, mwageni hizo korosho mwangalie wote. Utachoka kusubiri. Nami nilisubiriwa.

Huyo Devota, mke wa Longino, ananiita uani nikang'ate mahindi, niseme kama yamekauka watie kwenye magunia. Miaka kumi na minne yupo hapa, mwenye kung'ata ni mimi. Naenda. Leo atang'ata yeye na atasema yeye, mimi nitatazama mlima. Wasalimie wote hapo nyumbani, na Sharifa mwambie marahaba, hata kama hajaniamkia. Anaita tena. Severina, andika jina langu hapo, nimeshasimama.

Mama yako,
Lidwina