Sufuri Kwenye Chakula

Celestine,

Chai iko kwenye thamosi, viazi vitamu vimefunikwa na sinia. Mdogo wako Omosa asiguse vyako. Nimekimbia kupima majani chai kabla lori la kiwanda halijaondoka.

Alfajiri, ukiwa bado umelala, simu yako ililia hapa mezani nikaichungulia. Siombi msamaha, mimi ndiye niliyekuzaa. Ilikuwa ile programu yako ya kuandika matumizi ya pesa: "Celestine, hujaandika pesa ulizotumia jana." Nilicheka mpaka baba yako akaja mbio akidhani nimeona nyoka! Muhula mzima mimi nikikuuliza pesa zinaenda wapi, unanuna. Simu ikikuuliza, unaijibu!

Basi nikasoma yote. Nauli, bando, fotokopi, nywele (za nywele tutaongea). Halafu akiba! Wewe, uliyekuwa ukimaliza pesa ya mwezi kwa wiki moja! Nimepiga vigelegele peke yangu jikoni.

Ila kuna mahali hiyo programu imeniudhi. Kwenye chakula umeandika sufuri tangu chuo kifunguliwe, nayo imeweka alama nyekundu: "Huenda kuna kitu umesahau."

Kumbe! Na ni nani kila Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, humpa mtu wa boda ndizi za kupika na unga wa wimbi akuletee hadi chuoni?

~~Irekebishe leo.~~ Hapana, usiiguse hiyo sufuri. Nimeipenda. Iambie tu hiyo simu kwamba una mama.

Ndizi za wiki hii ziko nyuma ya mlango, uzibebe mwenyewe ukirudi chuoni.

Mama