Maoni Uliyoniomba Juu ya Rekodi ya Kwaya ya Chuo

Nyumba ya kona, ghorofa ya kwanza,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, nikitumaini barua hii itakukuta mzima. Goti lako je? Ulisema linakusumbua ukipanda ngazi za kazini. Lipake dawa ulifunge kitambaa cha sufu, usingoje mpaka livimbe ndipo utafute daktari, maana nakujua. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Macho yangu tu ndiyo yameanza kuniringia. Kutunga uzi kwenye sindano sasa najaribu mara tatu. Binti yako hajambo, anakula vizuri, na chumba chake ni kama duka lililovunjwa na wezi.

Kaka, uliniomba jambo. Ulisema wewe muziki huujui, kwa hiyo niwasikilizishe watu wenye masikio ile rekodi ya kwaya ya chuo, nikusanye wanavyosema, kisha wewe uamue kama mtoto aendelee na kwaya au aache ashike vitabu tu. Mtoto ameahidi kukutii. Mwalimu wao anataka majina mwisho wa mwezi ujao. Nimefanya ulivyoniagiza, na kama ningekuwa na mahali pa kuwatupa hao wenye masikio, ningekuwa nimeshawatupa.

Rekodi niliipeleka kazini kwenye flashi. Chumba chetu cha kushonea mashuka ya hospitali kina redio kubwa mezani pembeni, na watu hupita kutwa kuleta yaliyochanika. Nikasema hapa nitapata maoni ya kila aina. Nikayapata.

Wimbo wa kwanza ulianza vizuri, wasichana wakiimba maneno ya zaburi, kisha kimya. Kimya kirefu, mpaka mtu akasikia saa ya ukutani. Wakaimba tena kidogo, kimya tena. Ikawa hivyo mpaka mwisho, nyimbo zote saba. Mkata vitambaa wetu, yule tunayemwita Bi Hakimu kwa sababu hakuna kesi inayompita, aliweka mkasi chini.

"Wamesahau maneno hawa," akasema.

"Hawajasahau. Ni muziki wa kisasa," nikamwambia, nikijitia kujua.

"Kama usasa ni kusahau, basi hata mimi wa kisasa. Ufunguo wa nyumba sijui nimeuweka wapi."

Chumba kizima kikacheka. Tangu siku hiyo mtu akinyamaza kidogo tu, Bi Hakimu husema amejiunga na kwaya ya chuo. Na huyu ni mtu ambaye kanisani huwa yuko ubeti wa tatu wakati sisi wote tuko wa pili.

Akaja karani wa stoo. Huyu aliwahi kusoma chuo mwaka mmoja, na mwaka huo mmoja ameutafuna kwa miaka ishirini. Alisimama mlangoni amekunja mikono, akatuambia sisi hatuwezi kuelewa, ule ukimya umejaa maana, unazungumzia upweke wa mwanadamu. Kisha akaandika ujumbe kwenye kundi la simu la wafanyakazi, mrefu kama orodha ya vifaa vyake, akiwapongeza vijana kwa ujasiri wa kutoimba. Nikamwuliza ni wimbo gani uliomgusa. Akasema wote kwa ujumla. Alikuwa amesikiliza dakika nne, na mbili kati ya hizo alikuwa anaongea na simu.

Lakini aliyenichosha kabisa ni mwalimu wa kwaya ya kanisa letu. Alifunga safari mwenyewe mpaka kazini, akaomba kiti, akafumba macho. Kila kimya kilipofika alitikisa kichwa taratibu. "Mama, huku ndiko muziki unakoelekea," akaniambia. Jumapili iliyofuata akatia ukimya katika wimbo wa kufungia ibada. Kwaya ikanyamaza ghafla. Wazee wakadhani wimbo umekwisha, wakaketi. Waliobaki wamesimama wakaona haya, wakaketi pia. Kwaya ikaanza tena, tukasimama. Tuliketi na kusimama mara nne, mpaka mchungaji akakatiza akatoa baraka. Mungu anisamehe, nilicheka ndani ya nyumba yake nikajifanya nakohoa.

Nami sikuwa bora kuliko wao, nakuungamia wewe tu. Katika wimbo wa nne kuna sauti moja ya juu, safi, na kila ilipofika nilisimamisha mashine zote. "Msikilizeni mwanangu huyo." Nimefanya hivyo wiki mbili, kichwa kimevimba. Na bado, kwa kuchoka kuchekwa, Jumatano nilikaa nikakuandikia kwamba mtoto aache. Nilisema watu hawaelewi, na kama ni kunyamaza, hata nyumbani anaweza kunyamaza bure. Bahasha niliifunga na stempu nikabandika.

Alhamisi mtoto akapita kazini kuniletea miwani niliyoisahau. Bi Hakimu akaiwasha rekodi makusudi, apate kumchokoza. Mtoto akasimama katikati ya chumba, kichwa amekiinamisha upande.

"Shangazi, wengine wako wapi?"

"Wengine nani?"

"Sisi."

Basi sikia, Kaka. Nyimbo zile zimetungwa kwa kwaya mbili zinazosimama zikitazamana. Hii ikiuliza, ile inajibu. Waliporekodi, kwaya ya kwanza wakaiweka ilie spika ya kushoto, na ya pili spika ya kulia. Redio yetu ina spika mbili, lakini ya kulia ilikufa miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo kazi yake ni kubeba pasi na makopo ya vifungo. Ukimya wote ule ilikuwa kwaya ya pili ikiimba, sisi hatuisikii. Binti yako yuko kwaya ya pili. Ile sauti niliyojivunia wiki mbili ni ya mtoto wa watu.

Ungedhani wataona haya. Bi Hakimu anasema yeye alijua tangu mwanzo kuna kitu kimepungua. Karani hakufuta ujumbe wake, ameongeza mwingine: hata spika mbovu ni sehemu ya ujumbe. Mwalimu wa kwaya nilipomweleza akasema kwa kweli alivyoisikia yeye ndivyo ilivyo na kina zaidi. Leo asubuhi tumeketi na kusimama tena. Hakuna hata mmoja, Kaka, hata mmoja, aliyeomba kusikia ule upande wa pili. Wa nini? Maoni wanayo tayari.

Mtoto aliniachia zile spika zake ndogo za masikioni. Nilizima mashine nikasikiliza nyimbo zote saba. Sitakudanganya, nyingine hata zikiwa nzima sizipendi. Kuna mmoja wanasema "aa" kwa muda ambao mimi hupinda mashuka mawili. Lakini katika ule wa nne, sauti ile safi ikishauliza swali lake, upande wa kulia kuna mtu anavuta pumzi kabla ya kujibu. Pumzi fupi, anaishika kidogo, ndipo anaiachia. Marehemu mama alikuwa akiivuta pumzi hiyo hiyo kabla ya kuinuka kutoka magotini. Nilimjua mtoto wetu kabla hajatoa neno. Na alipoimba, sikutaka karani wala hakimu aniambie nimesikia nini.

Barua ya Jumatano nimeichana. Yeye hajui kama niliiandika, na nakuomba asijue kamwe. Usinitume tena kukusanya masikio ya watu. Nawe Kaka, kwa heshima zote, ulikosea: mtoto wako mwenyewe ukataka kumpima kwa masikio ya kuazima, na mimi nikakubali kuzunguka nikiazima. Flashi nimeitia humu ndani. Tafuta redio yenye spika mbili, hakikisha zote zinalia, ukae peke yako. Ukimaliza usiniandikie mimi. Mpigie yeye.

Kila siku ananiuliza kama umejibu, namwambia bado. Jana alifua sare yake ya kwaya akaipiga pasi. Nilidhani ataitundika. Akaikunja vizuri, akaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya nguo za baridi, akafunga. Hakulia. Alikuwa kama mtu anayejizoesha.

Nisalimie wifi yangu, mwambie kitambaa alichonitumia kimetosha gauni na kimebaki cha mkoba. Mbusu kitinda mimba wenu kwa niaba yangu. Jirani wa ghorofa ya pili, yule fundi saa, anakusalimu na anauliza kama bado unakoroma.

Mungu aliyekupa mtoto akujalie na masikio ya kumsikia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye pamoja na ukaidi wako,

Shangazi yake.