Kunjo la Zulia

5 Machi

Mpwa wangu kipenzi,

Salamu tele. Mimi mzima, ila mgongo unajidai. Wewe je? Nikwambie tu: mji huu unasimama kwa sababu yangu. Nikiacha kuchomelea mageti wiki moja, wezi watalala kwa meya. Jana nimepinda nondo kwa goti, mbwa akakimbia.

Unasema utautetea utafiti wako mbele ya maprofesa na unatetemeka. Unatetemekea nini, nami nipo? Nieleze, nije niwanyooshe.

Mjomba wako

19 Machi

Shikamoo Mjomba,

Pole na mgongo. Sijambo, ila usingizi hauji. Utafiti ni huu: kusogeza zulia zito hulivuti lote, unasukuma kunjo moja mpaka litokee upande wa pili. Ndani ya nondo yako chembe zimejipanga safu safu, na makunjo kama hayo yamo. Ukiipinda, yanatembea, lakini chembe zinatetemeka, na mtetemo unayapunguzia mwendo. Nauliza: nondo ikigandamizwa pande zote, yatazuiwa zaidi au kidogo? Kwenye hesabu zangu, kidogo. Chembe zikibanwa zinakakamaa, hazitetemeki sana.

Njoo, Mjomba. Mama hayupo tena. Nisipoona uso wa nyumbani nitakwama. Tarehe 10 Aprili, saa nne, ghorofa ya pili. Nimekuwekea kiti cha mbele.

Mwanao

12 Aprili

Shikamoo Mjomba,

U mzima? Kiti kilibaki kitupu, roho ikaniruka. Nilianza huku karatasi zinanichezea mkononi. Nilipofika kwenye zulia nikakuona unalisukuma kwa goti, nikacheka mbele yao. Basi, mtetemo ukaisha. Nimefaulu. Lakini ulikuwa wapi?

Mwanao

20 Aprili

Daktari wangu,

Marahaba, mimi mzima. Nilitaka kukwambia meya alining'ang'ania. Hapana. Nilikuja, na suti, na tai aliyoninunulia mama yako. Nikaingia chumba kimejaa watu, kijana anaeleza magonjwa ya maharage. Nikasema huyu anapasha jukwaa moto, wangu anafuata. Nikakaa mpaka mwisho. Nilimpigia makofi kumshinda mama yake mzazi, nikamuuliza na swali la zulia. Watu wakatoka, mlango ukafungwa, wewe hujatokea. Nikaona haya kumuuliza mlinzi, fundi mzima.

Hivi mwanangu, ghorofa huanza kuhesabiwa wapi? Mimi nilianzia chini.

Mjomba wako