Chini ya Landrova ya Baba

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ningeanza bila salamu ungenirudisha mlangoni nikaanze upya, hata huko uliko.

Sisi wazima. Mama amemaliza eda wiki iliyopita na ameanza tena kugombana na kuku wa jirani, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Ninakuandikia kuhusu Landrova.

Siku ya arubaini yako, baada ya hitima, Ami Bakari alisema apewe mwenye hoteli mmoja wa Diani aliyekuwa akiitaka. Angeiweka getini na kupanda maua ndani ya boneti. Wazee wakaafiki. Mimi nikasema gari lililoteremsha wagonjwa wa kijiji hiki kila mvua ilipokata barabara ya Kinango haliwezi kuwa chungu cha maua, nikaomba niachiwe hadi masika. Ami akakubali, lakini akasema ndugu ni ndugu na gari ni gari: masika yakifika haijatembea, inakwenda getini.

Nilikuwa na hakika, Baba, na hakika hiyo ulinitia wewe. Tangu nikiwa darasa la pili nimekusikia ukiwasimulia abiria historia yake, watake wasitake. Kwamba Mwingereza aliyeibuni aliichora kwanza kwa kijiti kwenye mchanga wa pwani, na mchanga wenyewe haukuushinda wa Gazi. Kwamba vita vilikuwa vimemaliza chuma, wakaiundia bodi ya alumini, wakaipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye ndege za kivita. Halafu unamalizia, kila mara, "Landrova haishiki kutu." Kiwanda kilipoacha kuunda zile za umbo la zamani ulishinda siku nzima ukiipangusa yako. Na ile mpya yenye kompyuta ulipoiona Ukunda, uliizunguka mara mbili, ukamuuliza dereva kwa adabu kabisa nyundo inagongwa wapi.

Basi nikaingia chini yake na nyundo. Bodi ni alumini, kweli. Lakini chasisi, ile mifupa ya chuma inayobeba kila kitu, ilipokea nyundo kama muhogo uliooza. Ni chumvi ya Gazi, miaka yote ile uliyofuata samaki hadi ndani ya maji. Nikaikwangua lami uliyoipaka, na chini ya lami nikakuta viraka. Kimoja, viwili, hadi saba. Vya bati, vimechomelewa kwa mkono wako. Naujua mshono wako, huwa unapinda kushoto. Ulikuwa unajua.

Nililia pale chini, na si kwa msiba. Kwa hasira. Ulipakia watu, Baba. Wajawazito uliwapakia juu ya viraka huku ukiwaambia haishiki kutu. Wiki nzima sikukuombea dua. Nimekwisha kutubu kwa Mungu. Na wewe nikasema tutazungumza, ndiyo haya.

Nilimwita Ami nikamwonyesha kila kitu, nikitazamia aseme getini. Alichuchumaa akavigusa viraka kimoja kimoja. Kisha akasema kwamba halikuwako gari jingine, na hilo nalo ulikuwa unalijua.

Nikarudi kazini. Nilikata kila kilichooza, nikachomelea chuma kipya kinene kutoka mbele hadi nyuma. Siringi, lakini mafundi watatu wa Kombani walikuja kuutazama mshono wangu, wakaondoka wakiusifu, nawe unaijua midomo yao. Lami sikupaka. Nimeipaka rangi nyeupe kule chini, ili kutu ikianza ionekane.

Jumatatu, masika yamekwisha kushika, Mwanasha wa jirani alipatwa na uchungu asubuhi. Bodaboda zote zilikuwa zimekwama mtoni. Kabla hajapanda niliwaambia wote ukweli: chasisi ilikuwa imeoza, nimeiunda upya mwenyewe, na hii ndiyo safari yake ya kwanza ikiwa na watu. Mkwewe, Bi Riziki, aliinama kwa taabu akauchungulia ule weupe, kisha akajinyoosha.

"Babako hakuwahi kutuonyesha huku chini," akasema. "Haya, mshikeni apande."

Tulivuka, Baba. Maji yalifika mlangoni na haikutikisika. Mtoto ni wa kike, mzima, na Ami hasemi tena habari za maua.

Nilikusamehe palepale kwenye usukani, katikati ya mto, nilipoona watu wananitazama mimi badala ya kutazama maji. Nikajua ulikuwa ukitazamwa hivyo miaka yote, na nikajua kwa nini ulishindwa kuwaambia. Mimi sitashindwa. Nakuahidi hatapanda mtu gari hili bila kujua amepanda nini.

Mungu akujaalie kauli thabiti. Naiacha kalamu hapa, kuna mgonjwa anangoja na mamaye bado yuko chini ya gari, anachungulia.

Mwanao,
Saumu