Nimemwambia Mama Ni Kifua Kikuu

Mpendwa Shangazi Lea, shikamoo, naomba msaada kabla nyumba haijaniangukia. Mimi ni mchimba dhahabu hapa Sekenke, mke wangu Felista anaishiwa pumzi hata akipanda kutoka kisimani na ndoo moja, mama yangu mkulima tunayeishi naye akawa anamwita mvivu, nikampeleka hospitali Dar es Salaam, wakakata kinyama cha pafu wakakitazama kwa darubini, daktari akasema ugonjwa huu ni wa nadra, mishipa midogo inayorudisha damu kutoka mapafuni kwenda moyoni imenenepa kuta kwa ndani, njia imebana, damu inarudi nyuma na maji yanavuja mapafuni, asibebe mizigo, asishike mimba, asimeze dawa yoyote bila wao kujua. Sasa mama ningemweleza vipi hayo yote? Nikasema ni kifua kikuu, maana huku machimboni hakuna asiyekijua, nikadhani atamhurumia. Kweli kaacha kumwita mvivu, ila kamtengea kikombe na sahani, majirani hawaingii tena, na juzi kaleta vidonge vya kifua kikuu alivyobakiza mchimbaji mwenzangu Antipasi, anasema, "Meza mwanangu, Antipasi huyo sasa anapiga sururu!" Felista anavificha chini ya ulimi, akitoka nje anatema, analia. Niendelee na uongo huu mpaka apone?

Marko, Sekenke

Marahaba, Marko. Pole, ila pole kubwa nampa Felista. Umemtoa kwenye uvivu ukamtia kwenye kifua kikuu, kuruka majivu na kukanyaga moto, halafu unauliza kama uendelee!

Soko huria limeruhusu mengi, halijaruhusu mama mkwe kugawa dawa. Vidonge hivyo vitoke nyumbani leo, na huyo Antipasi arudi navyo hospitali akaeleze kwa nini vilibaki. Kisha kaa na mama, Felista akiwepo, useme, "Mama, nilikudanganya. Ugonjwa wake hauambukizi." Mama ni mkulima, anajua mfereji ukiziba maji hufurika nyuma. Mweleze hivyo hivyo, ataelewa kuliko unavyodhani.

Kisimani utakwenda wewe, mchana kweupe, wanaume wenzako wakicheka wacheke. Na habari ya mimba nendeni kliniki wote wawili, usimwachie peke yake.

Unasema mpaka apone. Kwenye maneno ya daktari uliyoniandikia sikuona ahadi hiyo, nami siwezi kuitoa. Pumzi ya Felista ni kidogo, mwanangu. Asiimalizie kwenye kujitetea ndani ya nyumba yako.