Babu, Reki Yako Bado Inavuja

Babu, shikamoo.

Najua huitikii, na hilo ndilo lalamiko langu la kwanza. Miaka yote uliniita mke wako mdogo mbele ya wageni, ukimtaka Bibi avumilie mke mwenza aliyesoma. Leo mke huyo amekuja na madai yake yote, nawe umenyamaza kana kwamba kunyamaza ni jibu. Si jibu. Ni wewe uliyenifundisha kwamba mtu akiulizwa swali kikaoni husimama, akavua kofia, akalijibu.

Nakuandikia kuhusu gari.

Katika miezi mitano tangu tukuzike, mambo machache yamebadilika hapa nyumbani. Paka amehamia kwenye kiti chako. Redio yako sasa inapiga kwaya kutwa nzima, taarifa ya habari hakuna anayeitaka. Bibi amepunguza chumvi kwenye mboga. Kumbe ile nyingi ilikuwa matakwa yako. Lakini gari lilikuwa vilevile. Nilipofika kwa likizo ndefu nililikuta pale pale ulipoliacha, la buluu, pua yake ikitazama barabara ya Magamba, na chini yake dimbwi jekundu la mafuta ya haidroliki lenye upana wa sinia. Nilipojaribu kulisogeza, usukani ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Nikaenda kwenye buti kutafuta chombo cha kuongezea mafuta, nikakuta chupa kumi na moja tupu, umezipanga vizuri kama vitabu vya kanisa. Kumi na moja, Babu. Mtu anayeongeza mafuta mara kumi na moja mahali panapovuja, huyo hatengenezi gari. Anafanya nalo mazungumzo ya amani yasiyo na mwisho, na nilikuwa na maneno makali ya kukuambia kuhusu mazungumzo ya namna hiyo.

Kabla sijayasema, Baba mkubwa Zefania alitoa tangazo. Unamjua mwanao wa kwanza: hapandishi sauti, na kwa sababu hiyo hakuna anayeweza kumshinda. Alisema Jumamosi ya mwisho wa mwezi familia itakaa kugawa vitu vyako, na kwamba gari linalochafua ua haliwezi kugawiwa mtu. Kama litakuwa bado linavuja siku hiyo, atawaita watu wa vyuma chakavu kutoka Mombo waje walikate.

Nilisimama. Nilizungumza kwa muda ambao binamu zangu wanadai ulitosha kuchemsha maharage. Nilisema gari hilo ndilo lililowapeleka hospitali nusu ya watu wa mteremko huu. Nilisema jamii inayokata kwa misumeno kumbukumbu za watumishi wake inajikata yenyewe miguu. Nilisema mengine ambayo chuoni yangepigiwa meza. Baba mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kamili.

"Umemaliza, mwanangu?" akauliza. "Vizuri. Jumamosi hiyo nitaangalia chini."

Basi. Hotuba yangu yote ikajibiwa kwa ahadi ya mtu mzima kuinama na kutazama ardhi.

Nikaenda Lushoto kumtafuta Fundi Shabani, ambaye anakukumbuka kwa heshima kubwa na hasira ndogo. Alipanda na mfuko wake wa spana, akalala chini ya gari kwenye gunia, akaifungua reki. Ulikuwa ukiitaja kila siku lakini sikuwahi kuiona. Ni chuma kirefu chenye meno, kimelala ndani ya bomba kwa upana wa gari, kikipokea amri ya usukani na kuifikisha kwenye magurudumu; mafuta ya haidroliki hukisukuma ili mikono ya dereva isiumie, na kwenye ncha za bomba zipo sili, pete za mpira zinazoyazuia mafuta yasitoke. Zako, Babu, zilikuwa zimegeuka mkaa. Nilipozigusa kwa kidole zilivunjika.

Fundi alitafuta sili za vipimo vile Lushoto nzima, mwisho akazipata zilizotoka kwenye gari la aina nyingine kabisa. Tulizifunga, tukajaza mafuta, tukasafisha ua. Nilimpigia Baba mkubwa simu kumjulisha, na nakiri kwamba sauti yangu ilikuwa na majivuno. Siku ya tatu dimbwi likarudi.

Nilimwambia Fundi kila nilichofikiri kuhusu kazi za kulipua. Alinisubiri nipumue.

"Binti yangu," akasema, "gari halisikilizi hotuba. Shika tochi."

Akakichomoa kile chuma chote na kukiweka juu ya magoti yake kama mtoto mchanga. Kisha akanionyesha. Katikati kilikuwa kinang'aa kama kijiko kipya. Kwenye ncha zote mbili kilikuwa na mikwaruzo na vishimo vya kutu, na kila kilipopita kwenye sili mpya kilizikata kama msumeno. Akaniuliza ni nani aliyekuwa akikata kona mpaka mwisho wa usukani gari likiwa limesimama. Akasema barabara haifanyi hivyo, hata zile kona za kuteremkia Mombo hazifanyi hivyo, maana pale gari linatembea. Akasema huyu ni mtu aliyelizungusha gari mahali pamoja, kila siku, kwa miaka mingi.

Sikuhitaji kufikiri. Wewe.

Kila jioni, Babu. Ulikuwa ukipandisha gari uani, pua yake ikielekea ule ukuta wa udongo ulio nyuma, unaoshikilia shamba la juu, nami najua kama unavyojua kwamba ua wetu hautoshi kumgeuza hata mbuzi. Mtu mwingine angeliacha hivyo hivyo akaingia kula. Wewe ulianza: usukani mpaka mwisho kushoto, gari limesimama, pampu inalia; hatua moja mbele; usukani mpaka mwisho kulia, pampu inalia; hatua moja nyuma. Mara saba, wakati mwingine nane, mpaka pua itazame barabara. Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuuliza kwa nini unalitesa, ukaniambia kwamba mtu akija kukuita mgonjwa akizidiwa, asikukute unahesabu kona. Ukaongeza kwamba siku utakayonifundisha kuendesha nitaelewa. Ulinifundisha, na jambo ninalolikumbuka ni ulivyoutazama mkono wangu kwenye usukani ukasema, "Usiukabe hivyo, hujaufumania ukiiba." Kuhusu kugeuza ukiwa umesimama hukunifundisha neno.

Kwa hiyo ukarimu wako ndio ulioila reki. Niambie nifanye nini na taarifa hiyo. Ningeupata uzembe, ningeulaani nikalala vizuri. Wewe umeniachia wema unaovuja mafuta.

Fundi alikisugua kile chuma kwa msasa laini na mafuta kwa siku mbili nzima, akaweka sili nyingine, akaniachia sharti moja: gari lilale lilivyoingia, pua ukutani, na asitokee mtu wa kukata kona likiwa limesimama. Likitoka, litoke kinyumenyume, taratibu, mchana, mtu akiwa nyuma anaelekeza. Nilikubali, nikalijaribu barabarani na kulirudisha pua ikiwa ukutani. Siku tisa ua ulikuwa mkavu kabisa. Nilikuwa nikiinama kila asubuhi kuangalia, nikaanza kuandika kichwani hotuba yangu ya Jumamosi, yenye sehemu tatu na hitimisho.

Alhamisi, saa tisa alasiri, mvua na ukungu vikiwa vimefunika mpaka kwenye mipaina, akaja mume wa Mama Anna, jirani yetu wa chini, akikimbia. Mkewe alikuwa ameteleza na mzigo wa majani ya ng'ombe, na paja lilikuwa limevunjika. Bodaboda wawili walikwisha kuja, wakatazama ule mguu, wakasema huyu hapakiwi. Alisimama uani amelowa chapachapa, akalitazama gari, akaona pua yake ipo ukutani. Niliona uso wake, Babu. Miaka yote hajawahi kuliona gari hilo limegeukia huko.

Kurudi kinyumenyume kwenye kile kiteremko cha kushukia barabarani, chenye tope, nikiwa sioni hata mtaro ulipo, kungeniongezea majeruhi wengine. Nikaingia. Nikaukata usukani mpaka mwisho, gari limesimama. Pampu ikalia. Nikaenda hatua moja nyuma, nikaukata tena. Nilifanya kama ulivyofanya, mara nane, na kila mara nilisikia kazi ya Fundi ya siku mbili ikisagika chini ya miguu yangu. Tukamlaza Mama Anna kiti cha nyuma, mguu umefungwa kwenye vipande viwili vya ubao, nikamfikisha hospitali akiwa hai na mwenye matusi mengi juu ya uendeshaji wangu. Amefungwa plasta. Anakusalimu.

Jumamosi Baba mkubwa alikuja na koti lake la Jumapili. Kabla hajaketi, kabla ya sala, alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akakunja magoti, akaangalia chini. Matone matatu. Aligusa moja, akalinusa kidole. Familia nzima ilikuwa imesimama mlangoni. Ile hotuba yenye sehemu tatu ilinitoka kichwani yote, hata salamu zake.

"Ulilizungusha?" akaniuliza.

"Nililizungusha."

"Limesimama?"

Nikamwambia limesimama. Nikamwambia na habari ya Mama Anna, ambayo alikwisha kuisikia, kwa maana aliitikia kwa kichwa kabla sijafika mwisho. Kisha akasema kwa upole kwamba ndivyo itakavyokuwa siku zote. Likilala pua ukutani halimfai mtu; likigeuzwa litavuja. Kama ua ungekuwa mpana lingezunguka huku likitembea, lakini ua hauwezi kupanuliwa, kwa sababu juu ya ule ukuta lipo shamba la mama yake, Bibi. Baba, yaani wewe, alimkabidhi siku ya ndoa, akasema mwanamume wa nyumba hii asiingize jembe humo. Baba wadogo wakaitikia kwamba kweli, alisema. Shangazi akaitikia. Mimi pia niliitikia, Babu, mimi ninayehoji kila kitu. Baba mkubwa akatoa simu mfukoni ampigie mtu wa Mombo.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko akimenya viazi.

"Matuta mangapi?" akauliza.

Hakuna aliyeelewa. Akarudia, mara hii kwa Kishambaa, kama anavyofanya akichoka na watu: ua ukipanuliwa, yataondoka matuta mangapi ya kabichi. Baba mkubwa akapanda juu ya ukuta na viatu vyake vilivyong'arishwa, akapima kwa hatua, akarudi.

"Mawili, mama. Pengine na nusu."

"Chukueni matatu," akasema Bibi, akaendelea kumenya.

Shangazi akamkumbusha kwamba Baba alikataza. Bibi akasema Baba aliwakataza wanaume, hakumkataza mwenye shamba. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile, nalo ndilo sababu hasa ya barua hii. Nakunukulia neno kwa neno:

"Miaka arobaini nasikia gari linalia hapo nje kila jioni. Nikadhani ndivyo magari yanavyolala. Angeniuliza ningempa."

Angekuuliza angekupa, Mzee. Hapana, nimekosea maneno kwa hasira: ungemwuliza angekupa. Miaka arobaini ulikuwa tayari kulisaga gari, kuzimaliza chupa, kuichosha mikono yako, kuliko kuingia jikoni na kumwomba mkeo matuta mawili ya kabichi. Uliita hiyo heshima. Nami naamini ilikuwa heshima, maana nilikujua. Lakini ni heshima gani hii inayomlinda mtu mpaka isimsikie? Na nisikutupie wewe peke yako. Mimi niliyejigamba kuwasemea wasio na sauti, mwezi mzima nilizunguka nyumba hii na hotuba, sebuleni, uani, hata kwa Fundi. Jikoni sikuingia na swali hata moja. Niliingia kula.

Baba mkubwa aliirudisha simu mfukoni, akavua koti, akalitundika kwenye kioo cha gari. Tulichimba mpaka jua likazama nyuma ya mipaina, vitu vyako havijagawiwa hata kimoja, na Jumatatu baba wadogo wakarudi kuushindilia ukuta mpya kwa mawe usije ukaporomoka masika. Fundi Shabani ameagiza sili za mara ya tatu. Anasema hizi zikifa atakuja kunilaza mimi ndani ya bomba. Mpaka zifike, reki yako bado inavuja, matone matatu kwa siku, na Baba mkubwa kila akija anaangalia chini, kisha anapita.

Nakuahidi jambo moja, na ni dogo kuliko ahadi nilizozoea kutoa. Kabla sijasimama kumsemea mtu yeyote, nitakaa karibu naye kwanza, nimwulize. Nikisahau, uniingie ndotoni na pampu yako.

Sasa naenda kusaidia, maana naitwa. Lala salama, mume wangu. Mkeo mkubwa nimemwuliza kama ana neno la kukuletea. Amesema usimsubiri kwa haraka. Ana kabichi za kuhamisha.

Mkeo mdogo,
Naomi